Wangapi Nyumbani

Nilimpigia mama simu ili nijaribu dodoso langu kwake kabla sijalipeleka kwenye nchi za watu.

"Swali la kwanza, mama. Mnaishi wangapi humo nyumbani?"

"Wanne. Mimi, baba yako, mdogo wako na wewe."

Nikaandika 4, kisha nikacheka. Kwenye uzamili huu wa maendeleo ya kimataifa, kanuni ya kwanza tuliyofundishwa ni kwamba aliyekaa mbali zaidi ya miezi sita hahesabiwi kwenye kaya. Mimi huu mwaka wa tatu sijakanyaga kwetu.

"Mama, nijibu kama unamjibu mgeni."

"Hata huyo mgeni ningemwambia hivyohivyo. Shuka zako nimezifua leo, ziko kambani."

Nikazisikia kweli, zikipigwa na upepo nyuma ya sauti yake.

Nikachukua kifutio. Nilifuta polepole, lakini ile 4 nilikuwa nimeikandamiza mno. Hata nilipoandika 3 juu yake, bado ilionekana.

"Umeandika wanne, mwanangu?"

Nikapuliza vumbi la kifutio kwenye karatasi.

"Swali la pili, mama."