Diski Imejaa

Programu ya kusafisha kompyuta ilionyesha duara jekundu: diski imejaa. Chini yake ilipendekeza kufuta picha za pasipoti, folda ambayo haijafunguliwa siku nyingi. Élodie aliiwekea alama, akapeleka mshale kwenye neno Nettoyer, safisha.

Mwanamke mwenye kitambaa cheusi cha msiba kichwani akaingia katika studio yake ya picha.

"Mama, natafuta picha ya bwana yangu. Alipigishaga hapa, photo passeport. Zetu zote zilibakia kwetu Kiwanja wakati tulikimbia vita."

"Ya mwaka gani?"

"Sijue. Alikuwa angali na ndevu."

Élodie alifungua folda. Nyuso ndogo zilijaa skrini, zote mbele ya pazia moja la bluu. Wengi walikuwa na ndevu.

Akaondoa alama.

"Ikaa, mama. Tutaangalia moja moja."

Lakini bila nafasi, kompyuta isingechapisha hata picha moja. Programu ikapendekeza folda nyingine, nzito kuliko zote: video ya arusi ya Élodie. Hakuwa na nakala kwingine.

Akaiwekea alama. Programu iliuliza kwa Kifaransa kama ana hakika ya kuifuta.

Élodie alimsogezea mgeni kiti karibu na skrini, akabonyeza Oui, ndiyo.

"Tuanze na huyu," akasema.