Papa wa Shemeji

Shemeji alimbwaga samaki juu ya meza, ndani ya kibanda cha mama muuza samaki. Alikuwa mkubwa, tayari amekatwa kichwa, mkia na mapezi.

“Papa huyo, shemeji. Mkatekate upesi, kabla wateja hawajafika.”

Mama alipitisha kiganja juu ya ngozi. Papa hukwaruza kama msasa, lakini huyu aliteleza kama sabuni iliyoloa.

“Mbona laini hivi?”

“Bado mchanga.”

“Mchanga, na ananizidi kimo?”

“Unanitilia shaka mimi, mdogo wa mumeo?” Alicheka, ila macho yalikuwa barabarani.

Mama alimpasua ubavuni. Papa hana mbavu za kusumbua kisu. Hapa kisu kiligonga mfupa mgumu. Mama akabonyeza chini ya tumbo, na kitu cheupe kikachuruzika hadi ukingoni mwa meza, kikamdondokea mguuni.

Yalikuwa maziwa. Bado yalikuwa na uvuguvugu.

“Huyu ni pomboo,” alisema. “Na alikuwa ananyonyesha.”

“Punguza sauti, tafadhali,” shemeji alisema, akausukuma mlango ukafungika.

Mama alimpita, akaufungua tena, akawaita wauzaji wenzake wote waje waone.