Kabari ya Mvule

Chande alikaza nati ya mwisho ya lori aliloliendesha miaka ishirini na moja. Tajiri alikuwa ameshamwachisha kazi. Safari hii ndefu angeendesha Sefu, kijana mwenye adabu aliyemfuata nyuma akiuliza kila kitu.

"Gia ya pili ngumu, usiilazimishe," Chande alimwelekeza. "Taa ya kushoto ikizima, igonge kwa kiganja."

"Na hendibreki, mzee wangu?"

Hendibreki ilikufa zamani. Mlimani lori lile lilizuiwa na kabari ya mvule tu, ambayo Chande aliisukumia nyuma ya gurudumu kila aliposimama.

"Inashika kama kupe," alijibu.

Mke wa Sefu akapanda na mtoto mgongoni. "Baba Nuru, tusimame pale mlimani kwenye mahindi ya kuchoma, nimnyonyeshe huyu."

"Tutasimama," Sefu alisema, kisha akamshika Chande mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akuzidishie, mzee wangu."

Chande alirudi nyumbani na kabari, kaiviringa ndani ya shati lake la kazi. Akaitia chini ya mlango ili usijifunge. Upepo ulivuma mchana kutwa, na mlango haukutikisika.