Baiskeli Isiyopendelea

Gundi ilikuwa imekataa mara mbili, na sasa Injinia Hamud alikuwa amelala kifudifudi kando ya baiskeli kama mtu aliyeangusha sindano kwenye mkeka. Kezia, mpishi wa chai wa ofisi ya mradi pale Migori, alisimama na kikombe mkononi. Mjane aliyelea watoto wanne peke yake anajua kungoja.

"Weka hapo, Mama. Usitikise hewa."

Alikuwa anabandika kiuzi cha chuma, chembamba kuliko unywele, kwenye mkono unaoshika pedali. Mtu akikanyaga, alisema, chuma hupinda kidogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Kiuzi huvutika, umeme unaopita ndani yake hubadilika, na kisanduku chake cha waya na betri hugeuza yote hayo kuwa namba ya nguvu. Mwaka huo wa tisini na saba, alisema, Nairobi nzima hapakuwa na kisanduku kama hicho. Kezia aliamini. Hata Migori hakikuwepo kabla yake.

Mradi ulitaka mtu mmoja tu, wa kupeleka chanjo Sori kwa baiskeli kabla barafu haijayeyuka. Kazi ya kudumu, yenye barua. Werema, ndugu yake Kezia, aliitaka kazi hiyo kuliko chakula. Miaka minane alikuwa akibeba makaa kwa baiskeli ya kukodi, na sasa mwenye baiskeli alikuwa anaiuza. Werema alikuwa ameomba kazi za barua mara tatu. Walimtazama tu, wakasema watamwita.

"Na hapa nani atachagua?" Kezia aliuliza. Joash, mpwa wa chifu, alikuwa ameshaanza kuwaaga wateja wake wa boda.

"Namba itachagua. Mimi nitakaa ndani, mlango umefungwa, waya upite chini yake. Sitaki kuwaona, wasije wakaniambia ni watoto wa nani. Jicho hupendelea, Mama. Kisanduku hakipendelei."

Kezia alitazama baiskeli upande huu, akazunguka akatazama upande wa pili.

"Mbona umebandika kushoto peke yake?"

"Nyuzi zimeniishia. Lakini haidhuru. Mungu ameumba miguu miwili, mmoja ni shahidi wa mwenzake. Napima wa kushoto, kisanduku kinazidisha kwa mbili."

Kezia akasema amina, maana Mungu alikuwa ametajwa, akaenda kuosha vikombe. Jioni alimwambia ndugu yake, "Kesho uje. Ukanyage kwa wa kushoto."

Werema alicheka mpaka akashika ukuta. "Dada, huo haujawahi kuniangusha."

Asubuhi baiskeli ilikuwa barazani juu ya stendi, gurudumu la nyuma hewani, breki imekazwa nusu. Wanaume kumi na wawili walikuwa wamejiandikisha. Nchagwa, askari wa getini, aliita namba, mtu akapanda, akakanyaga dakika tano, na sauti ya Injinia ikatoka nyuma ya mlango kama ya padri kwenye maungamo.

Joash alikuja na kaptura ya mpira. Mguu wake wa kulia ulijulikana kwa makipa wote hadi Homa Bay. Aliukandamiza mpaka stendi ikalia.

"Namba nne," ikasema sauti. "Mia na arobaini."

"Mia ngapi?" aliuliza chifu, aliyekuja kumtazama mpwa wake. "Hicho kisanduku kimekunywa chai leo?"

Hata hivyo mia na arobaini haikupitwa. Wa tano akashindwa, wa nane akashindwa, wa kumi na moja akashuka akitapika uji. Joash akaanza kupokea mikono.

"Kumi na mbili," Nchagwa akaita.

"Omera, ndugu yangu, na wewe?" Joash akamwambia Werema. "Umekuja kushangilia?"

"Nimekuja kukaa kidogo. Naona hiki kiti hakina mtu."

Werema aliegemeza fimbo yake ukutani, akapandia kwenye ngazi ya baraza, akafunga kiatu chake kwenye pedali kwa blada, utepe wa mpira wa ndani ya tairi, vile anavyofunga gunia la makaa. Watu wakacheka. Mmoja akataka Injinia aambiwe. Nchagwa akasoma karatasi yake: kumi na mbili, mwanaume, amefika. Karatasi haikuuliza zaidi. Kezia alikuwa na jibu mdomoni na birika mkononi, lakini hakuna aliyemwomba jibu, walimwomba chai.

Werema alisukuma chini, akavuta juu, akasukuma chini, mwendo mmoja kama mtu anayesaga wimbi kwa jiwe. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Kicheko kikapungua, kikaisha.

Nyuma ya mlango kisanduku kikagongwagongwa.

"Kumi na mbili arudie," sauti ikasema.

Akarudia.

"Mia mbili na sitini."

"Hiyo baiskeli ni mgonjwa!" chifu alisema.

"Chifu, kisanduku hakijui mtu," mlango ukajibu.

Barua ikatoka chini ya mlango. Werema, aliyekuwa ameketi kwenye benchi, aliletewa, akaitia sahihi juu ya goti, ikarudishwa ndani. Muhuri ukasikika, pa. Kezia akafumba macho, akashukuru kimoyomoyo, akayafumbua haraka asipitwe na jambo.

Ndipo Injinia Hamud akatoka, akipepesa macho kwa mwanga, na boksi la viatu vipya vya ngozi kwapani. Zawadi ya mradi, alisema, kwa miguu yenye nguvu kuliko yote wilayani. Alimshika Werema mkono, akautikisa sana, akamwekea boksi mapajani.

"Jaribu, bwana. Jaribu tuone."

Werema alivaa cha kushoto, akakaza kamba, akapiga nacho sakafu mara moja. Cha kulia akamrudishia Injinia kwa mikono miwili, kwa heshima.

"Hiki hakina mwenyewe," alisema. "Mwenyewe alibaki Macalder, kwenye shimo la dhahabu."