Popote ila Msambweni

"Chagua popote utakapo," Kitheka alisema, "ila Msambweni."

Kalondu alicheka, akidhani ni mzaha. Mumewe hakucheka. Alikuwa ameketi mlangoni pa nyumba yao ya reli, Mackinnon Road, akipiga viatu rangi kana kwamba likizo ingeanza papo hapo. Ulikuwa mwaka wa tatu wa Uhuru. Kwa mara ya kwanza na wao walikuwa wanakwenda mahali kupumzika tu, kama walivyokuwa wakienda wazungu. Si matanga, si harusi.

"Mbona Msambweni hapana? Watu wanasifu ufuo wake. Wasema ni kimya."

"Kuna mbu. Twende Shimba Hills kwa binamu yangu. Kule juu kuna baridi, kuna msitu, na ukisimama kilimani waiona bahari yote. Ukiichoka milima, nitakushusha Diani ukakanyage maji."

"Na Diani na Msambweni si njia moja?"

"Kalondu, nimeshasema."

Hakuwahi kumkatiza hivyo tangu amwoe. Kalondu akamtazama, akaona mkono wenye brashi umesimama. Akainama kumfuta mtoto wao pua.

"Haya, Baba Kimeu. Twende milimani."

Na milima ilimpendeza kweli. Kwa mtu aliyezoea vumbi na maji ya kupimiwa, kuamka akakuta ukungu umekaa mlangoni kama mgeni lilikuwa jambo la kusimulia. Jemima, mke wa binamu, aliwapa machungwa mpaka wakakataa. Kitheka naye alirudi kuwa Kitheka: akicheka, akimbeba Kimeu mabegani, akimwonyesha mke wake mstari wa buluu kule chini.

Siku moja wanaume walikwenda kutazama shamba jipya, wanawake wakabaki kumenya mihogo.

"Afadhali safari hii ametulia," Jemima alisema. "Mwaka jana hata chai hakunywa."

"Mwaka jana alikuja huku?"

"Si kila mwaka hupita? Akienda Msambweni. Na kikapu chake: kanga, sukari, sabuni. Mimi nilidhani unaju…" Kisu cha Jemima kikasimama kwenye muhogo.

Kila mwaka Kitheka alimwambia mkewe kwamba anatumwa stesheni ya Samburu kutengeneza njia ya reli. Kalondu mwenyewe ndiye aliyekuwa akimfungia chakula cha safari.

"Ningalikuwa na mama, ningalirudi kwake leo hii," Kalondu alisema. Alikua akiambiwa kwamba mama yake alifariki yeye angali mdogo; baba yake ndiye aliyemlea, na ndiye aliyemchagulia Kitheka. Mtu mwaminifu, alimwambia. Mtu anayejua kutunza neno.

"Usilie kabla hujaona," Jemima alisema. "Nenda. Mtoto niachie mimi."

Kesho yake Kalondu aliaga kwamba anakwenda sokoni Kwale. Hakushuka Kwale. Alishuka na basi milima yote mpaka Ukunda, akapanda jingine. Bahari aliyoitamani miaka yote ilimchungulia katikati ya minazi, akageuza uso. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Alimwona huyo mwanamke akilini mwake: kijana, mnene, na kicheko kikubwa.

Msambweni alimkuta mama mmoja muuza vitumbua, Bi Chiku kwa jina.

"Shikamoo, bi. Namtafuta mtu mmoja wa bara, mrefu. Huja kila mwaka na kikapu."

"Marahaba. Mkamba yule? Namjua sana. Huja kwa mwanamke mmoja, Mkamba mwenzake, nyumba ile ya mwisho, kwa wale waliopona ukoma. Mwanamume ana adabu zake! Haingii ndani hata mvua inyeshe. Hukaa nje, wakazungumza yeye akitazama huku na mwenziwe akitazama kule."

Anaogopa majirani, Kalondu akajisemea. Miguu ikamchukua yenyewe.

Nyumba ilikuwa ndogo, uwanja umefagiwa. Mwanamke alikuwa ameketi mkekani, amejifunga kanga mpya. Nywele zilikuwa nyeupe. Alipoona mtu, aliificha mikono ndani ya kanga upesi, lakini Kalondu alikuwa amekwisha kuviona vidole, jinsi vilivyokatika. Maneno yote aliyoyapanga yakapotea, likabaki moja tu.

"Wewe ndiye mwanamke wa Kitheka?"

"Kitheka?" Yule mama aliinuka nusu. "Amepatwa na nini?"

"Hajapatwa na neno. Nataka kujua tu. Anakupenda tangu lini?"

Mama akamtazama kwa mshangao, kisha akacheka, kicheko kidogo cha mtu asiyezoea.

"Mimi niwe mwanamke wa Kitheka? Mungu apishe mbali! Nani kakwambia maneno hayo? Keti, mama, uko juani. Umetoka wapi?"

"Mackinnon Road," Kalondu alijibu. Hakuketi.

Uso wa yule mama ukabadilika. Akasahau kuficha mikono. Akaitoa, akaishika nguzo ya nyumba, akainuka mpaka akasimama sawasawa.

"Mackinnon Road! Basi huenda unamjua mkewe. Kitheka ni mkwe wangu. Amemwoa mwanangu wa pekee, Kalondu. Kila mwaka namsihi aniletee, nimwone japo kwa mbali, simgusi. Naye kila mwaka hunijibu kwamba mwanangu anajua nilipo, ila hataki kuniona."