Pumzi ya Namba Kumi na Saba

“Nakal, hiyo dawa wanakupa ni ya kifua ama ni ya miguu?”

Ndivyo Kagwiria, jirani yake, alivyomuuliza wiki iliyopita, alipomwona akiipita bodaboda kwenye barabara ya Chechelesi na mtungi wa lita ishirini kichwani. Nakal alicheka tu, akaenda zake.

Ijumaa hii hakucheka. Kliniki ya utafiti huko Wabera ilikuwa imetangaza: mgonjwa ambaye pumzi yake haijapanda, leo anakatiwa vidonge. Nakal alikuwa amefunga tangu jana, akimwomba Mungu visikatwe.

Daktari Njeru alikuwa na mgeni kutoka Nairobi, mama mwenye mkoba mweusi, aliyekuja kukagua matokeo ya utafiti.

“Pumu ya miaka mingi huacha makovu ndani,” daktari alimweleza. “Njia ya hewa inakuwa ngumu kama kisigino cha mchungaji. Vidonge vyetu vinailainisha. Namba Kumi na Saba, njoo!”

Daktari hakuinua macho. Macho yake yalikaa kwenye mashine ya kupima pumzi. Watu walikuja na kwenda bila yeye kuwatazama sura.

Nakal akashika bomba, akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Mstari ukapanda, ukagonga juu kabisa ya kioo.

“Umeona?” Daktari akapiga meza. “Mwezi wa kwanza huyu hakuweza kuzima mshumaa! Wa pili tu, mstari huu hapa. Wale wa kujifukiza mwarobaini waje waone sayansi.”

Mgeni akaandika, akatabasamu. “Hongera, mama. Na tumbo je? Vidonge tisa kwa siku havikukutapisha?”

“Mimi?” Nakal akashangaa. “Mimi sijameza hata kimoja, dada. Anayemeza ni mama wa bwana yangu. Mwezi wa kwanza alikuja mwenyewe, karibu afie njiani. Basi nikachukua kadi yake, nikawa nakuja mimi. Kwani hata unga wa msaada, si anayepanga laini ni yule mwenye nguvu?”

Kalamu ya mgeni ikasimama. “Na yeye anaendeleaje?”

“Leo amemaliza sala ya Baba Yetu kwa kupumzika mara nne kutafuta pumzi.” Nakal akamgeukia daktari, mikono kifuani. “Sasa vile nimepuliza vizuri, atapewa vingine?”

Mgeni akakikata alichokuwa ameandika, akachukua mkoba wake, akatoka.