Shahidi wa Bwana Ngwilizi

Miaka hiyo, sura na sauti ya marehemu zilikuwa mali ya mwajiri wake. Kwa hiyo Bi Mwanahamisi hakushtuka sana pale filamu ya kumfichua Bwana Ngwilizi, yule tajiri wa saruji aliyejaza picha zake kila ukuta, ilipofika zamu ya utetezi na mumewe, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha tajiri huyo, akatokea kwenye runinga, kanona kuliko alivyokuwa hai.

"Vumbi la kiwanda halikuniua," alisema marehemu Kibwana. "Muulizeni Mwanahamisi wangu."

"Wifi, kaka kapendeza!" alisema Mchanga, dada wa marehemu, machozi yakimlengalenga.

"Kapendeza nini! Kifua kilimbana hata kupuliza chai akashindwa, leo anahutubia? Yule si Kibwana. Tangu anioe hajathubutu kunitaja jina. Aliniita mama Zuhura, na hasemi neno kabla hajajikohoza."

Mchanga akafuta machozi. "Basi kesho twende kwa wenye filamu, tukawaambie ni uongo."

Mle runingani, Kibwana akajikohoza, akamgeukia mkewe.

"Mama Zuhura," alisema kwa upole, "kesho mnakwenda wapi?"